Sura haijafutika, imekunjwa: dhana potofu kuhusu vitufe vya programu za muhtasari

"Mwalimu, nimebonyeza kitufe, sura nzima imefutika." Wiki hii nimeyasikia maneno hayo mara tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kupanga tasnifu, ripoti na vitabu katika programu za muhtasari, yaani zile zinazopanga maandishi kwa vichwa na ngazi, kipengele kimoja chini ya kingine, na kwa miaka yote hii, karibu kila nilipoitwa kwa kilio hicho, sura ilikuwa palepale. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi hupotea kweli baadaye, kwa yale mtu anayoyafanya akiamini kuwa imeshapotea.

Dhana: ukibonyeza mshale ulio kando ya kichwa, maandishi ya chini yake hufutika.

Mshale ule unakunja na kukunjua, basi. Unaiambia skrini isionyeshe vilivyo chini ya kichwa. Maandishi yenyewe hayaguswi hata nukta. Anayetumia Word anaweza kuthibitisha mwenyewe: aangalie idadi ya maneno chini ya dirisha, akunje sura, aangalie tena. Idadi haipungui. Katika Org mode, ya ndani ya programu ya kuandikia ya Emacs, kichwa kilichokunjwa huachiwa nukta tatu mwishoni, na katika Workflowy, programu ya kupangia orodha, duara la kijivu hutokea kuzunguka nukta ya kipengele. Hizo ndizo alama za "humu ndani mna kitu". Jizoeze kuzitafuta kwa macho kabla mkono haujagusa kibodi.

Sasa nieleze jinsi watu wanavyojiumiza. Dada mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa ameketi karibu yangu, akaigusa pembetatu ya Sura ya Tatu kwa bahati mbaya. Kurasa zake zikajikunja zikabaki mstari mmoja. Hakuuliza. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye Ctrl+Z, amri ya kutendua, yaani kurudisha nyuma badiliko la mwisho, akabonyeza. Kwa macho yake hakuna kilichobadilika, akabonyeza tena, na tena, kwa haraka ya mtu anayezima moto. Nilipogeuka alikuwa ameshabonyeza mara nyingi mno kuhesabu. Kila bonyezo lilikuwa linatendua kazi halisi ya asubuhi ile: aya alizosahihisha, jedwali aliloliingiza, marejeo aliyoyapanga. Na kwa kuwa yote yalikuwa ndani ya sura iliyokunjwa, hakuyaona yakiondoka. Kisha akaanza kuandika upya jina la sura, na herufi ile ya kwanza ikafunga njia ya kuyarudisha aliyoyatendua.

Sababu ni moja, na ningependa kila mtumiaji alale nayo kichwani: katika programu nyingi za aina hii, kukunja hakuhesabiwi kuwa badiliko la maandishi, kwa hiyo hakumo katika orodha ya mambo ya kutendua. Org mode ni mfano mzuri. Ctrl+Z au kitufe chochote cha kutendua hakiwezi kukunjua kitu ambacho hakikukiona kikikunjwa. Kinaruka na kwenda kutendua kitu cha mwisho ulichoandika. Basi ukiona maandishi yametoweka ghafla, toa mikono kwenye kibodi. Kunjua kila kitu kwanza. Katika mwonekano wa Outline wa Word, ule wa kupanga vichwa kwa ngazi, ni Alt+Shift+A. Katika Org mode unabonyeza Shift+Tab, na ukiendelea kuibonyeza utapita vichwa vya juu pekee, kisha vichwa vyote, kisha maandishi yote. Ukishakunjua na sura kweli haipo, hapo ndipo utendue.

Utengano huu wa kutazama na kuhariri si uzembe wa watengenezaji. Umekuwepo tangu mwanzo. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta mfumo wake wa NLS. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya mbele yao ni kuchukua orodha ya manunuzi, kuipanga kwa makundi, kisha kuyakunja na kuyakunjua makundi hayo. Mfumo ule ulikuwa na amri zake maalumu za kuamua ngazi ngapi zionekane na mistari mingapi ya kila kipengele, mbali na amri za kubadilisha maandishi. Programu ya muhtasari ya ThinkTank, ya Dave Winer, iliyotoka mwaka 1983, ilileta wazo hilohilo kwenye kompyuta za mezani. Nawasimulia wanafunzi historia hii kwa makusudi, maana anayejua kwamba kuna amri za macho na amri za mkono hujiuliza swali sahihi: hiki nilichobonyeza kilikuwa cha wapi?

Dhana: kichwa kilichokunjwa ni mstari mmoja, kwa hiyo nikikifuta nafuta mstari mmoja.

Hii ndiyo pacha wa ile ya kwanza, nayo huleta hasara ya kweli. Kichwa kilichokunjwa kinabeba vyote vilivyo chini yake. Katika Word, ukichagua kichwa kilichokunjwa ukabonyeza Delete, vinakwenda vyote. Ukikinakili kizima ukakibandika kwenye barua, mpokeaji anapata jina la sehemu pamoja na rasimu zote ulizodhani hazionekani. Kukihamisha nako ni vivyo hivyo, ila hapo ni faida: sura ya kurasa arobaini inakunjwa ikawa mstari, unaikokota hadi mahali pake, unaikunjua. Kwa kuhamisha, kunja. Kwa kufuta, kunjua. Sijawahi kumsamehe mwanafunzi wangu anayefuta kitu kikiwa kimekunjwa, hata kama safari hii amebahatika.

Dhana: alama ya kutoa kando ya kichwa katika Word ni kitufe cha kukunja.

Hapa nawaelewa watu kabisa, maana mpangilio wenyewe unachanganya. Katika mwonekano wa Outline, alama ya kujumlisha kando ya kichwa inakuambia kwamba kuna kitu chini yake, na ya kutoa inakuambia hakuna. Ni taarifa tu. Mtu anaibonyeza ya kutoa mara kumi akingoja kichwa kijikunje, wakati hakina cha kukunjwa. Vitufe vya kukunja na kukunjua viko juu, kwenye utepe, navyo pia vimechorwa kujumlisha na kutoa! Umbo lilelile, kazi mbili tofauti, skrini moja.

Tena angalia: ukiibonyeza alama ya kujumlisha ya kando mara moja, unachagua kichwa na vyote vilivyo chini yake. Ukibonyeza mara mbili ndipo inapokunja au kukunjua. Mwenye mkono mzito akibonyeza mara moja akidhani amekunja, kisha akaanza kuandika, maandishi mapya yanaweza kukaa juu ya sehemu nzima iliyochaguliwa. Kwa msiba huu Ctrl+Z inasaidia, na itumie papo hapo.

Dhana: nukta na mshale vinafanya kazi moja.

Katika Workflowy, Dynalist, Logseq na ndugu zao, hapana. Mshale unakunja. Nukta inakuingiza ndani ya kipengele, nacho kinakuwa ukurasa mzima huku vingine vyote vikiondoka machoni. Anayesema "nimebaki na kipengele kimoja, orodha yangu yote haipo" amebonyeza nukta. Atazame juu ya ukurasa: njia aliyopitia imeandikwa pale, hatua kwa hatua, na akibonyeza hatua ya kwanza yuko nyumbani.

Dhana: Tab huweka nafasi.

Katika programu nyingi za muhtasari, Tab hushusha kipengele ngazi moja na Shift+Tab hukipandisha. Ukitaka nafasi ya Tab ya kawaida ndani ya mwonekano wa Outline wa Word, bonyeza Ctrl+Tab. Kwenye Org mode ndiko wageni wanakochanganyikiwa zaidi, kwa sababu Tab juu ya kichwa inakunja na kukunjua. Kushusha ngazi ni Alt na mshale wa kulia, na hapo kinashuka kichwa peke yake, vichwa vyake vidogo vinabaki vilipokuwa. Ongeza Shift ili vishuke pamoja. Workflowy haina ubishi huo. Kipengele kikishuka, watoto wanamfuata mzazi.

Dhana: "onyesha ngazi ya 3" huonyesha ngazi ya 3 pekee.

Inaonyesha ya 1 hadi ya 3.

Dhana: Enter kila mara hufungua mstari mpya chini ya nilipo.

Inategemea umesimama wapi na kama kichwa kimekunjwa. Mfano mzuri ni Alt+Enter ya Org mode, inayotengeneza kichwa kipya. Ukisimama mwisho wa kichwa kilichokunjwa, nyuma ya zile nukta tatu, kichwa kipya kinaruka vyote vilivyofichwa na kukaa baada yao. Kichwa kikiwa wazi, kipya kinaweza kuingia katikati, kati ya jina la sehemu na aya zake, na aya zile zinajikuta chini ya mgeni. Nimesahihisha ripoti ambayo utangulizi wote ulikuwa umehamia chini ya "Shukrani" kwa njia hiyohiyo. Mwandishi alikuwa ameisoma mara mbili akiwa amekunja kila kitu, vichwa vikawa vimepangwa vizuri machoni pake, wala hakuwa na sababu ya kuhisi kwamba aya zilikuwa zimehamia chini ya kichwa kisicho chake.