Dawa za homeopathi hujaribiwaje kwa watu wazima wa afya?

Kwa nini dawa ya mgonjwa ijaribiwe kwa asiyeumwa?

Chanzo ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwanzilishi wa homeopathi, tiba mbadala ambayo dawa zake nyingi huzimuliwa sana. Mwaka 1790, akiwa mzima wa afya, alimeza gome la mkwinini lililokuwa likitibu homa za vipindi, kama malaria. Miguu na ncha za vidole zikapoa, akalegea na kusinzia, kisha moyo ukaenda mbio. Aliona hali hiyo inafanana na homa yenyewe, akahitimisha kuwa kinacholeta dalili kwa mzima huponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Leo tunajua kwinini, dawa iliyomo kwenye gome hilo, hutibu malaria kwa kuua vimelea kwenye damu. Kufanana kwa dalili hakuhusiki.

Jaribio lenyewe linafanywaje?

Wanaojitolea, mara nyingi watoa tiba wenyewe au wanafunzi wao, humeza dawa na kuandika kila wanachohisi: ndoto, hasira, muwasho, kiu ya ghafla. Maelezo hayo hukusanywa vitabuni, na mtoa tiba huyatumia kumchagulia mgonjwa dawa.

Tatizo liko wapi?

Mtu yeyote akiambiwa ajichunguze tangu asubuhi hadi usiku, atapata cha kuandika. Kichwa kitamgonga, tumbo litanguruma, ataota ndoto ya ajabu. Yote hayo yangempata hata bila dawa, na akitarajia dalili atazihisi zaidi. Tena dawa nyingi za homeopathi huzimuliwa mno. Kwa kipimo cha 30C, sehemu moja huchanganywa na 99 za maji au pombe, na kazi hiyo hurudiwa mara 30. Baada ya mara ya 12 ni vigumu kubaki hata molekuli moja ya dawa ya asili.

Ndiyo maana lazima liwepo kundi linalopewa kitu kisicho na dawa, bila mtu yeyote kujua nani kapewa nini. Mjini Nuremberg mwaka 1835 walifanya hivyo kwa dawa ya homeopathi ya chumvi na maji matupu: kati ya watu 50 waliotoa majibu, 42 hawakuhisi lolote. Wanane waliohisi kitu, watano walikunywa dawa na watatu maji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulipima Belladonna, dawa itokanayo na mmea wenye sumu, ya kipimo cha 30C kwa watu zaidi ya 200, na haukuona tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu.

Mbona dawa za hospitali nazo huanzia kwa watu wasioumwa?

Nyingi, ndiyo, lakini hapo hutafutwa usalama na kipimo kinachovumilika. Kama inaponya, hilo huulizwa kwa wagonjwa wenyewe, katika hatua zinazofuata.

Kuna hatari kuzitumia?

Hatari kubwa ni kuchelewa kupata tiba. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya homeopathi isitegemewe kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali wala kuharisha kwa watoto wachanga. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, na mwenye dalili za malaria apimwe siku hiyohiyo. Kama tayari unatumia dawa ulizoandikiwa, usiziache kabla ya kuzungumza na daktari wako.