Bei Zilitulia, Vibarua Vikaota Nyasi: Mombasa ya 2020 Ndani ya Takwimu

Julai 2020 mfumuko wa bei nchini Kenya ulikuwa asilimia 4.36. Lengo la Benki Kuu ni asilimia 5, na ruhusa ya kuzidi au kupungua kwa pointi 2.5, kwa hivyo ukiutazama kwa kipimo hicho, ulikuwa mwezi mzuri. Sasa tazama upande wa pili. Kati ya Aprili na Juni mwaka huohuo, utafiti wa nguvukazi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulionyesha ukosefu wa ajira umefika asilimia 10.4, kutoka 5.2 katika robo ya kwanza. Watu kama milioni 1.7 walitoka kwenye hesabu ya wenye kazi ndani ya miezi mitatu.

Shughuli yangu ni takwimu za bei na ajira, na Mombasa ndiyo nyumbani. Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kipindi kile cha korona ni hili: hiyo asilimia nne mliitoa wapi? Anayeuliza huwa amekunja uso, na ana haki yake. Namba ile ilikuwa sahihi kwa kazi iliyopewa, ila mtu wa Kisauni au Likoni alikuwa akiumwa mahali ambapo kipimo hakikuwekwa.

Faharisi ya bei hujengwa juu ya kapu la vitu ambavyo familia hununua kwa kawaida, na kila kitu hupewa uzani wake. Chakula pekee huchukua takriban theluthi moja ya kapu la Kenya. Kapu hilo lilikuwa limebadilishwa Februari 2020, na mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa tarehe 13 Machi. Yaani lilipitwa na wakati kabla wino haujakauka. Uzani hauguswi mwezi hadi mwezi, na ni lazima iwe hivyo, la sivyo hujui kama kilichobadilika ni bei au ni matumizi. Lakini familia zilibadilika wiki ileile. Pesa za matembezi, sherehe, nguo na safari ziliisha au zikahamia kwenye unga, sabuni na maji ya mtungi. Faharisi iliendelea kuwahesabia petroli na safari kana kwamba bado wanatoka.

Petroli ndiyo mfano unaonikera zaidi. Katikati ya Mei 2020 lita ya super Nairobi ilishuka hadi shilingi 83.33, na huku kwetu ilikuwa chini kidogo kwa kuwa bomba linaanzia hapa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeporomoka. Mshuko huo ukaingia kwenye faharisi na kuivuta chini. Lakini matatu ya abiria 14 ilikuwa imeamriwa kubeba 8, na mwenye gari hakukubali kula hasara ya viti sita. Nauli ikapanda wakati mafuta yanashuka. Vitu vyote viwili viko kwenye kundi moja la usafiri, kimoja kinapanda na kingine kinashuka, na wastani unatoka umetulia. Mwenye gari dogo lililolala uani hakufaidi mshuko, maana haendi popote. Anayetoka Likoni kwenda kufua nguo za watu Nyali aliulipa mpando wote, tena taslimu.

Kisha kuna bei ambazo hazikuwepo kabisa. Tangu tarehe 8 Aprili mpaka mapema Julai watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Basi la usiku la kwenda Nairobi lilikuwa na bei gani mwezi wa Mei? Chumba cha hoteli iliyofungwa lango kina bei gani? Watakwimu hawawezi kuacha pengo, kwa hivyo bei inayokosekana hukadiriwa kwa kufuata mwendo wa bidhaa za jirani, au ile ya mwisho hubebwa mbele. Ni njia inayokubalika kote duniani, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Ila ujue kwamba sehemu ya utulivu wa 2020 ni utulivu wa vitu ambavyo hakuna aliyevinunua.

Sasa njoo dukani, maana hapo ndipo penye mambo.

Mtaani Majengo watu wengi hununua kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari robo, sabuni ya kipande. Faharisi hufuata bidhaa ileile ya kipimo kilekile kila mwezi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, lita ya mafuta ni shilingi 200 na robo lita ni 60. Zote mbili zimekaa palepale tangu Februari hadi Juni, kwa hivyo mfumuko ni sifuri. Lakini mama aliyekuwa akinunua lita mwisho wa mwezi sasa hana mwisho wa mwezi. Mumewe alisimamishwa hotelini, pesa inakuja kwa siku ikija, naye ananunua robo. Kwa lita ileile anatoa 240. Maisha yamempandia kwa asilimia 20, na hakuna bei hata moja iliyosogea. Hakuna mkusanyaji bei duniani atakayeliona hilo kwenye fomu yake.

Halafu kuna mahamri. Bei ya mahamri ni sarafu, haipandi kwa senti. Muuzaji akiona unga au mafuta yamemlemea, hawezi kukuambia leo ni shilingi tano na nusu, kwa hivyo anapunguza donge. Bei ileile, hamri jembamba. Fungu la nyanya nalo ni hivyo: shilingi kumi inabaki kumi, nyanya nne zinakuwa tatu. Kwa haki, hili mkusanyaji bei anatakiwa kulikamata kwa kupima uzito, na akilikamata linaingia kwenye hesabu kama bei iliyopanda. Sokoni Kongowea, pale kwenye magunia, kupima ni rahisi. Kwa muuzaji wa barazani anayeondoka kabla saa mbili ya asubuhi, sina uhakika huo.

Na daftari la deni. Wengi hawalifikirii kama bei, lakini mimi nalihesabu. Muuza duka aliyezoea kukuandikia hadi mshahara utoke, alipoona nusu ya daftari ni watu wa hoteli, alilifunga. Sukari haikupanda. Kilichoondoka ni uwezo wa kuipata leo na kuilipa tarehe 30.

Ramadhani ya 2020 iliangukia humohumo, mwishoni mwa Aprili mpaka mwishoni mwa Mei. Kawaida mwezi huo Mombasa bei za tende, nazi, viazi na tambi hupanda kwa sababu mahitaji yanapanda, na biashara ya jioni huwa ndiyo uhai wa mtaa. Mwaka huo kafyu ilianza saa moja jioni, muda mfupi tu baada ya watu kufuturu. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa kutoka na kuingia, kwa mwezi mzima. Kwa hiyo kama uliona baadhi ya vitu vya futari havikupanda kama miaka mingine, usidhani ni neema. Bei isiyopanda kwa kuwa wanunuzi hawana kitu ni dalili ya ugonjwa.

Hapo tunaingia kwenye ajira. Katika ile asilimia 10.4, asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika siku saba zilizopita, alitafuta kazi kwa vitendo ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuianza. Masharti yote kwa pamoja. Ukikosa moja, unahesabiwa kwingine.

Mchukue mhudumu wa hoteli ya Nyali aliyepewa likizo bila malipo mwezi wa Aprili. Ana barua, ana namba ya kazi, ameambiwa ataitwa. Kitakwimu huyu anaweza kuhesabiwa kuwa na kazi ambayo hayupo kwa muda. Mshahara wake ni sifuri. Mchukue kijana wa ufukweni anayeuza vinyago na kutembeza wageni. Safari za kawaida za ndege za abiria kutoka nje hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti, basi angetafuta kazi gani, na kwa nani? Asipotafuta hayumo kwenye asilimia 10.4, anahesabiwa kuwa nje ya nguvukazi. Na yule muuza mihogo ya kukaanga pale Lighthouse, ambaye soko lake lote lilikuwa kuanzia magharibi hadi saa nne usiku: akikaanga alasiri kwa muda wa saa mbili na kuuza pakiti sita, ana ajira. Kuna vipimo vipana zaidi vinavyowajumlisha waliokata tamaa na wanaofanya kazi saa chache kuliko wanavyotaka. Vimo ndani ya ripoti hizohizo, kurasa kadhaa mbele, ambako wanahabari hawafiki.

Robo ya tatu kiwango kilishuka hadi 7.2. Magazeti yakaandika kuwa ajira zinarudi. Zilirudi, lakini uliza ni zipi. Aliyekuwa mpishi mwenye hati ya malipo akapanda bodaboda, mwingine akashona barakoa, mwingine akatembeza mitumba. Wote wana ajira. Huduma za malazi na chakula nchini zilisinyaa kwa asilimia 47.7 mwaka 2020, na watalii kutoka nje wakashuka kutoka zaidi ya milioni 2 hadi chini ya 600,000. Mji wenye hoteli nyingi kama huu hauwezi kupona kwa miezi mitatu.

Ajabu ya Mombasa ni kwamba nusu nyingine ya mji haikusimama. Bandari ilipitisha tani milioni 34.1 mwaka 2020, na mwaka uliotangulia ilikuwa 34.4. Ni kama hakukutokea kitu. Dereva wa lori la kwenda Malaba, mpakani na Uganda, alipimwa korona na kukaa foleni siku nyingi, lakini kazi alikuwa nayo. Ndiyo maana wastani wa kitaifa, na hata wa kaunti, unanipa wasiwasi: huku kulikuwa na watu wa meli na watu wa wageni, na mara nyingi wanaishi ploti moja.

Serikali ilisaidia, na msaada ulifuata karatasi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa sima ulikuwa hautozwi VAT hata hapo awali, kwa hivyo anayeishi kwa unga hakupunguziwa chochote. Wanaolipwa hadi shilingi 24,000 waliondolewa kodi ya mshahara, ambayo ni nafuu kwa mwenye mshahara. Kilichogusa wengi, kwa maoni yangu, ni kufutwa kwa ada ya kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi 1,000, kwa sababu mwaka ule watu waliishi kwa kutumiana mia mbili, mia tatu. Mpango wa Kazi Mtaani nao uliwapa vijana kazi ya kusafisha mitaro. Katika awamu ya pili malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku.

VAT ilirudi 16 tarehe 1 Januari 2021, na ada ya simu ikarudi wakati huohuo. Hapo ndipo bei zenyewe zikaanza kupanda kwa kweli, wakati mifuko bado haijapona. Mafuta ya kupikia yalitangulia. Mawese yetu yanatoka Malaysia na Indonesia, na Malaysia ilikuwa imefunga mipaka yake kwa vibarua wa kigeni ambao ndio wanaovuna mashambani. Kibarua aliyekosekana kule akapandisha robo lita ya Majengo. Kukosekana kwa kazi huku kuliizuia bei isipande, na kukosekana kwa wafanyakazi kule kukaipandisha. Julai 2021 gesi ya kupikia ikaanza kutozwa VAT ya asilimia 16, na baadhi ya watu wakarudi kwa makaa ya mkebe, yaani kadogo tena.

Agosti 2021 matatu ziliruhusiwa kujaza viti vyote. Kwa hesabu ya 2020, nauli ilipaswa kushuka. Mwezi uliofuata lita ya super ikafika shilingi 134.72 Nairobi, na makanga wakawa na sababu mpya.