Je, wajua kwa nini kila uchaguzi Thailand lazima jina la Shinawatra litajwe?

Mashabiki wa Manchester City wa kabla ya hela za Abu Dhabi watamkumbuka tajiri mmoja Mthai aliyeinunua klabu mwaka 2007, akamleta kocha Sven-Göran Eriksson, mashabiki wakashindwa kutamka Shinawatra wakaamua kumwita "Frank" kwa kuwa Sinatra walishamzoea, halafu mwaka uliofuata akaipiga bei kwa Waarabu na mengine mnayajua. Huyo ndiye Thaksin Shinawatra. Alipoinunua timu hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu wanajeshi wa kwao wampindue akiwa waziri mkuu, Septemba 2006, yeye mwenyewe yuko New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa.

Watu wengi wanadhani habari yake iliishia hapo. Wapi. Kuanzia 2001 mpaka 2019 kila uchaguzi mkuu ambao haukufutwa na mahakama, chama kilichopata viti vingi kuliko vyote kilikuwa chake au cha watu wake, na katika miaka hiyo yeye alikaa zaidi ya 10 uhamishoni, sana sana Dubai. Shemeji yake kawa waziri mkuu, mdogo wake kawa waziri mkuu, binti yake kawa waziri mkuu. Sasa swali ni hilo: mtu hayupo nchini, ana hukumu ya kifungo inamsubiri, chama kimefutwa, na bado ukoo wake unarudi tu. Inakuwaje?

Jibu linalotoka haraka kila mahali ni hela. Jamaa ni bilionea wa simu za mkononi, kwa hiyo ananunua kura vijijini na wanakijiji wanapokea, basi, kesi imeisha. Ndivyo wanavyosema hata watu wa tabaka la kati Bangkok, waliovaa mashati ya njano na kuandamana dhidi yake, wengine wakifika mpaka kusema wakulima wa kaskazini hawana elimu ya kutosha kupiga kura. Na hela ipo kweli, tusidanganyane. Thailand wana watu wanaitwa hua khanaen, ni madalali wa kura, mara nyingi ni mkuu wa kijiji au mwenye kinu au mtu tu anayeheshimika mtaani, kazi yake ni kujua nyumba ipi ina kura ngapi na kupitisha bahasha usiku wa kuamkia uchaguzi. Lakini huo mchezo ulikuwepo kabla Thaksin hajaingia siasa, na vyama vinavyoucheza ni vingi, wapinzani wake nao siyo masikini hata kidogo. Bahasha zikija kutoka pande mbili mpiga kura anapokea zote, halafu akiwa peke yake na karatasi ya kura anaweka alama anapotaka. Kwa hiyo hela inaweza kukupa nafasi ya kusikilizwa, ila haielezi kwa nini mmoja anashinda kila mara na mwenzake anashindwa kila mara.

Halafu angalia mazingira yenyewe. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulifanyika chini ya serikali iliyowekwa na wanajeshi waliompindua, kwa katiba mpya iliyoandikwa kwao, chama chake cha Thai Rak Thai kimeshafutwa, na bado chama kilichokuja baada yake kikapata viti 233 kati ya 480. Mwaka 2010 mahakama ikamnyang'anya baht bilioni 46, zaidi ya nusu ya mali zake zilizokuwa zimezuiwa. Mwaka uliofuata, wapinzani ndio wameshika serikali, mdogo wake akashinda viti 265 kati ya 500. Sasa kama siri ni hela tu, inakuwaje mtu aporwe hela ndo azidi kushinda?

Kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni mambo mawili matatu ya 2001 hadi 2005, na kubwa ni matibabu. Serikali yake ilileta mpango ambao unaenda hospitali ya serikali na kadi yako, unalipa baht 30 kila ukionwa, pungufu ya dola moja, hata kama ni operesheni. Kwa familia ya mkulima wa mpunga kule Isan, kaskazini mashariki, ambako ugonjwa mmoja mkubwa ulikuwa unamaanisha kuuza shamba au kukopa kwa mtu wa riba, hicho kitu hakisahauliki. Kuna na mfuko wa kijiji, baht milioni moja kwa kila kijiji, na vijiji ni zaidi ya 70,000, wanakijiji wenyewe wanakopeshana. Ikaja ile ya kuwapumzisha wakulima kwenye madeni. Ahadi zilitolewa kwenye kampeni zikatekelezwa ndani ya muda mfupi, kitu ambacho mpiga kura wa Thailand hakukizoea. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba serikali iliyokuja baada ya mapinduzi iliifuta ile ada ikawa bure kabisa, labda wakitegemea watu watamsahau, na watu wakaendelea kuuita mpango wa baht 30.

Hapa lazima niweke breki kidogo. Wazo la bima hiyo halikuwa la Thaksin, alilipigania kwa miaka mingi daktari mmoja wa vijijini aliyeingia wizarani, Sanguan Nitayarumphong, Thaksin akawa mwanasiasa mwenye akili ya kulichukua. Na usije ukafikiri nchi nzima inamkumbuka kwa wema. Kampeni yake dhidi ya dawa za kulevya ya 2003 iliua zaidi ya watu 2,000 ndani ya miezi michache, na kule kusini kwa Waislamu wenye asili ya Kimalay wanakumbuka Tak Bai, Oktoba 2004, walipokufa watu 85, wengi wao kwa kukosa hewa wakiwa wamelazwa mmoja juu ya mwingine kwenye malori ya jeshi.

Sawa, sera zinaeleza kwa nini watu walimpenda. Ila hazielezi kwa nini lazima iwe familia. Viongozi wangapi duniani wamefanya mema na bado watoto wao hawajulikani? Hapa ndo penye utamu wenyewe, na ni upande wa sheria.

Fikiria mgahawa wa mama ntilie unaojaza watu. Serikali ya mtaa haimpendi, inaufunga. Lakini haifungi tu, inapiga marufuku jina la mgahawa, kibao kinang'olewa, na mama pamoja na wasaidizi wake wote wakubwa wanakatazwa kugusa sufuria kwa miaka mitano. Wahudumu wadogo hawajakatazwa kitu. Mama naye ana akili, alishakodi chumba kingine mtaa wa pili kabla hata hawajaja kufunga, kwa hiyo wahudumu wanahamia kule siku hiyo hiyo. Sasa mteja anajuaje kwamba chakula ni kile kile? Kibao ni kipya, jina jipya, rangi mpya, mpishi mkuu hayupo. Alama pekee ambayo mteja ataitambua ni kumwona mdogo wake mama amesimama pale mlangoni, maana sura ni ile ile. Ukiufunga na huo, anakuja binti. Yaani kila ukifunga, unaondoa vitambulisho vyote vingine vya ule mgahawa na kukiacha kimoja tu ambacho sheria haiwezi kukifunga, nacho ni damu.

Ndivyo ilivyokuwa, karibu hatua kwa hatua. Mei 2007 Thai Rak Thai kikafutwa, viongozi wake 111 wakafungiwa siasa miaka mitano. Wabunge na wapambe waliobaki wakakichukua chama kidogo kilichokuwepo tayari, wakaingia nacho uchaguzini kwa jina la Nguvu ya Umma. Waziri mkuu akawa Samak Sundaravej, mzee asiye wa ukoo ila alisema wazi kwamba anasimama kwa niaba ya Thaksin. Mahakama ya Katiba ikamtoa Septemba 2008 kwa sababu alikuwa anaendesha kipindi cha mapishi kwenye televisheni na kulipwa, majaji wakafungua kamusi kuona "mwajiriwa" ni nani, na kamusi ikasema ni yeye. Akaja Somchai Wongsawat, mume wa Yaowapha, mdogo wake Thaksin. Huyu hakuwahi kukaa kwenye ofisi ya waziri mkuu hata siku moja kwa sababu waandamanaji walikuwa wamelala humo, akawa anafanyia kazi kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Don Mueang. Desemba 2008 chama kikafutwa kwa katiba iliyosema kosa la kiongozi mmoja linatosha kukiua chama kizima. Na chama kingine, Pheu Thai, kile chumba cha mtaa wa pili, kilikuwa kimeshasajiliwa tangu 2007 kinangoja.

Hapo ndo akaingia Yingluck 2011, mdogo wao wa mwisho, mfanyabiashara ambaye alikuwa hajawahi kugombea hata udiwani. Thaksin akamtangaza kuwa ni kopi yake kabisa. Kaulimbiu iliyozunguka ilisema Thaksin anafikiri, Pheu Thai inatenda, sasa jiulize chama kinajinadi namna hiyo kwenye nchi ambayo mahakama inatafuta sababu. Lakini kwa mpiga kura ilikuwa taarifa iliyonyooka, kwamba mpishi ni yule yule. Mahakama ikamtoa Mei 2014, wiki mbili baadaye mapinduzi mengine, na 2017 naye akakimbia nchi kabla ya hukumu.

Kuna kitu kinachotia doa maelezo haya na siwezi kukiruka. Chama cha vijana, Future Forward, kilifutwa 2020, kikazaliwa Move Forward, nacho kikafutwa Agosti 2024, kikazaliwa chama cha Umma, na hao hawajawahi kuhitaji kuleta dada wala binti wa mtu. Wapiga kura wao wanafuata ajenda, wanakutana mtandaoni, kibao kikibadilika wanapata habari ndani ya dakika. Kwa hiyo kufutwa peke yake hakuzai ukoo. Kunazaa ukoo pale ambapo tangu mwanzo chama kilijengwa kwa mtu mmoja na wapiga kura wake wanamjua kwa jina na sura. Na siyo wahudumu wote walimfuata mama: kundi la Newin Chidchob, kigogo wa kambi ya Thaksin, liliasi Desemba 2008 na chama cha Bhumjaithai kikatokea hapo, na kiongozi wake wa sasa, Anutin Charnvirakul, alikuwa mmoja wa wale 111 waliofungiwa Thai Rak Thai kilipofutwa. Huyo atarudi hapa chini.

Uchaguzi wa Mei 2023 ndio uliovunja rekodi. Thaksin alikuwa ameshaanza kuongea na vijana kwenye Clubhouse, mtandao wa mazungumzo ya sauti, kwa jina la Tony Woodsome (ndiyo, Tony Woodsome), binti yake Paetongtarn akafanya kampeni akiwa na mimba kubwa na kujifungua wiki mbili kabla ya kura. Wapi, Move Forward wakapata viti 151, Pheu Thai 141. Maseneta 250 walioteuliwa na jeshi wakawazuia washindi, Pheu Thai wakaungana na vyama vya majenerali waliowapindua, na tarehe 22 Agosti Thaksin akatua Bangkok kwa ndege binafsi, siku hiyo hiyo bunge likamchagua Srettha Thavisin wa Pheu Thai kuwa waziri mkuu. Kifungo cha miaka minane mfalme akakipunguza kuwa mwaka mmoja, akautumikia hospitali ya polisi, Februari 2024 yuko nje. Kwamba kulikuwa na makubaliano ya chini kwa chini karibu kila mtu anaamini, ila karatasi hakuna aliyeionyesha, kwa hiyo tuiache kama imani yenye ushahidi wa kalenda.

Srettha akatolewa na mahakama baada ya mwaka mmoja, akaingia Paetongtarn, miaka 37, na hapa damu ikageuka kuwa tatizo. Juni 2025, mpaka na Kambodia umechafuka, akampigia simu Hun Sen, waziri mkuu wa zamani wa Kambodia na rafiki wa siku nyingi wa baba yake, mtu aliyewahi kumfanya Thaksin mshauri wake wa uchumi. Akamwita anko, akamwambia kamanda wa jeshi la Thailand wa eneo lile ni mtu wa kambi pinzani, na kama anko anahitaji kitu aseme tu. Anko akairekodi na kuachia dakika zote 17. Simu ambayo ingekuwa ya kawaida kati ya mtoto na rafiki wa baba ikawa ya waziri mkuu anayemsema jeshi lake kwa jirani. Bhumjaithai wakajitoa serikalini, 29 Agosti mahakama ikamwondoa, wiki moja baadaye bunge likamchagua Anutin, yule yule. Tarehe 9 Septemba Mahakama ya Juu ikasema miezi ya hospitali haihesabiki, Thaksin akapelekwa gerezani kweli kweli.

Uchaguzi mwingine ulipopangwa kuwa 8 Februari 2026, Pheu Thai wakamweka mbele profesa wa uhandisi wa tiba kutoka Chuo Kikuu cha Mahidol, Yodchanan, mtu wa maabara. Jina lake la ukoo ni Wongsawat. Baba yake ni Somchai, yule wa uwanja wa ndege, na mama yake ni Yaowapha, kwa hiyo mjomba wake mnamjua.