"Cornflour" si sembe: dhana potofu kuhusu majina ya vyakula kwa Kiingereza

Ukipika kwa kufuata mapishi ya mtandaoni, kabla hujawasha jiko angalia kwanza mwandishi anatoka nchi gani. Wapishi wengi wazuri hupoteza unga, mayai na siagi wakidhani mikono yao ndiyo yenye kasoro, kumbe neno moja tu ndilo lililowaponza.

Dhana: "Cornflour" ni unga wa mahindi popote uendako.

Ukweli: Kwa Waingereza, "cornflour" ni wanga mtupu wa mahindi, ule mweupe laini kama poda wa kutia uzito kwenye sosi na kastadi. Wamarekani wanga huo huuita "cornstarch". Wao wakisema "corn flour" wanamaanisha mahindi yenyewe yaliyosagwa laini. Sasa mpishi akikuta "cornflour" kwenye mapishi ya Uingereza akachota sembe ya ugali, sosi yake itageuka uji. Kama huna uhakika na kilichomo kwenye pakiti, koroga kijiko kimoja na maji baridi kisha chemsha. Wanga utakuwa mzito, utang'aa na utaweza kuona ndani yake. Unga wa mahindi utabaki na chengachenga na rangi ya uji.

Vipimo navyo vina yake. Kijiko cha mezani cha Australia ni mililita 20, wakati Uingereza na Marekani ni karibu 15. Kwenye mchuzi hutaona tofauti, lakini kwenye beking pauda utaiona.

Dhana: Waingereza ndio wenye maana sahihi, Wamarekani wamepotosha.

Ukweli: Hili hunisikitisha, maana historia inasema vingine. Uingereza ya zamani "corn" ilikuwa nafaka yoyote. Zile sheria za "Corn Laws" (za ushuru wa nafaka kutoka nje) zilizofutwa mwaka 1846 zilihusu ngano na nafaka nyingine, si mahindi pekee. Walowezi waliofika Amerika walikuta mahindi, wakayaita "Indian corn", na baadaye neno la kwanza likadondoka. Hata "corned beef" haina mahindi ndani yake: "corn" hapo ni punje za chumvi zilizotumika kuhifadhi nyama. Na "cookie" Wamarekani walilipata kwa Waholanzi, walioujenga mji ambao leo ni New York. Kwa Wamarekani "biscuit" ni kimkate laini kilichoumuka, kinacholiwa hata na mchuzi mzito.

Dhana: "Yam" ni kiazi kikuu.

Ukweli: Karibu kila mahali ndivyo, isipokuwa Marekani, ambako mara nyingi ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Asili ya neno ni lugha za Afrika Magharibi. Miaka ya 1930 wakulima wa Louisiana walilitumia kuuza viazi vyao vitamu vilaini, na likaganda. Mimea hiyo miwili haina hata undugu. Kwa hiyo ukisoma "candied yams", nunua viazi vitamu.

Dhana: Jina linatosha kukuambia kama chakula kina pombe au nyama.

Ukweli: Kwa Mwislamu, au kwa yeyote asiyekunywa, hili ndilo la kushika zaidi. "Apple cider" ya Marekani kwa kawaida ni juisi ya matufaha isiyochujwa; yenye pombe huitwa "hard cider". Uingereza "cider" ni pombe. Ndugu aliyeishi Marekani akiagiza "cider" London akidhani ni juisi, ataletewa kileo. "Mincemeat" ya Krismasi nayo siku hizi ni matunda makavu na viungo, haina nyama ya kusaga, lakini kwa desturi hutiwa mafuta ya ng'ombe yanayozunguka figo. Soma lebo. "Sweetbread" si mkate wala si tamu: ni tezi za ndama au mwanakondoo.

Dhana: "Chips" ni chipsi.

Ukweli: Ni chipsi kwa Mwingereza na kwetu tuliolirithi neno kwake. Mmarekani atakupa krips. Australia na Afrika Kusini neno hilo hilo hubeba vyote viwili, basi sema kama unataka za moto.

Na ukiwa mgahawani Sydney, ujue "entrée" ni kianzio. Marekani ndicho chakula kikuu chenyewe. Mwenye njaa asiishie kwenye "entrée" ya Sydney.