Injini Ikifa, Usikiachie Kipuri Gerejini

Malalamiko ya wenye magari kuhusu injini zilizokufa ghafla yamezidi kwenye dawati letu la watumiaji bidhaa, na mengi hukwama mahali pamoja. Mlalamishi ana hakika kwamba injini yake imeuawa na kipuri kibovu. Ana picha za gari likivutwa, ana jumbe alizotumiana na muuzaji wa yadi. Tukimwomba kipuri chenyewe, anatuambia kilibaki kwa fundi, na fundi alikwisha kukiuza pamoja na vyuma chakavu. Hapo tunabaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji, na kwa sheria anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni hili: muuzaji aarifiwe kwa maandishi kabla injini haijafunguliwa. Ujumbe wa simu unatosha, mradi utaje tarehe, nambari ya usajili, nambari ya chesisi, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi na mahali gari lilipo, na umpe muuzaji siku ya kuja kushuhudia. Asipofika, injini ifunguliwe mbele ya mtu asiye na maslahi, kama vile mhandisi aliyesajiliwa au mkaguzi wa AA Kenya, chama cha wenye magari. Kila kitakachotolewa kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, kisha kitiwe kwenye mfuko, mfuko ufungwe, fundi na mwenye gari watie sahihi na tarehe. Oili isimwagwe yote. Nusu lita iwekwe kwenye chupa safi, na chujio la oili lihifadhiwe pia, kwa sababu chembe za chuma zinazokwanguka kwenye beringi, vile vipande vya chuma laini vinavyobeba shafti inayozunguka ndani ya injini, hunaswa humo. Mkaguzi akilipasua ataona mengi ambayo fundi hawezi kuyaeleza kwa mdomo.

Tunasisitiza hivi kwa sababu beringi iliyolika kwa kasoro ya kiwandani na ile iliyolika kwa kukosa oili hufanana sana machoni. Muuzaji, karibu bila ubaguzi, atajibu kwamba hukubadilisha oili. Jibu lako ni risiti za sevisi zenye tarehe na kilomita. Wengi hawana. Tunaelewa kwamba gereji nyingi za kando ya barabara haziandiki risiti, lakini hata daftari lako mwenyewe, likiambatana na malipo ya M-Pesa kwa fundi, lina uzito kuliko kusema tu kwamba gari lilitunzwa vizuri.

Wanaodhani kwamba madai ya mtu mmoja dhidi ya kampuni kubwa ni kazi bure wafikirie injini za Theta II za Hyundai. Mwaka 2015, nchini Marekani, kampuni hiyo iliagiza magari 470,000 hivi aina ya Sonata ya miaka ya 2011 na 2012 yarejeshwe yakarekebishwe. Ilibainika kwamba krenki, yaani shafti zinazozungushwa na pistoni, zilipokuwa zikichongwa katika kiwanda chake cha Alabama, vipande vidogo vya chuma havikuondolewa vyote. Mabaki hayo yaliweza kuzuia oili kufika kwenye beringi za koniroti (mikono inayounganisha pistoni na krenki), beringi zikalika, injini ikaanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, na mwishowe ikakwama, nyakati nyingine gari likiwa katikati ya barabara kuu. Mwaka 2017 magari mengine ya Hyundai na Kia, karibu milioni 1.2, yaliongezwa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, mhandisi wa Hyundai mwenyewe, Kim Gwang-ho, alikuwa amepeleka nyaraka za ndani kwa NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani. Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilikubali adhabu za jumla ya dola milioni 210, Hyundai 140 na Kia 70, kwa kuchelewa kuyarejesha magari na kutoa taarifa zisizo sahihi. Hasira za wateja pekee zisingefika huko. Kilichofika huko ni maandishi.

Kwetu Kenya, ambako magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani, kasoro inayostahili kuangaliwa zaidi ni ya pampu za petroli zilizotengenezwa na Denso. Ndani ya pampu hizo, zinazokaa ndani ya tangi, mna gurudumu dogo la plastiki linalosukuma petroli. Katika baadhi yake plastiki hiyo haikuwa na msongamano wa kutosha. Hunyonya petroli, huvimba, hupasuka au hugusa ukuta wa pampu, na pampu husimama. Injini huzima na huenda isiwake tena. Kufikia Oktoba 2020 Toyota pekee ilikuwa imeagiza magari yapatayo milioni 5.84 duniani yarejeshwe kwa sababu hiyo. Honda, Subaru na Mazda nazo zilitoa maagizo yao.

Agizo la kurejesha gari hufuata nambari ya chesisi. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani, ambaye huenda aliliuza gari mnadani zamani, na hakuna atakayekutafuta Kitengela au Kisauni kukujulisha. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kutafutia kwa nambari ya chesisi. Magari yaliyouzwa kwa soko la Japani hayana ile nambari ya tarakimu na herufi 17. Yana msimbo wa muundo, kistari, kisha nambari ya mfululizo. Iandike yote, kistari na vyote. Fanya hivyo kabla ya kulipia gari, na umwombe muuzaji uthibitisho wa kwamba kazi iliyoagizwa ilifanyika.

Sasa, hoja tunayoisikia kila wiki: “KEBS ililipitisha gari, basi serikali inilipe.” KEBS ni Shirika la Viwango la Kenya. Ukaguzi wa kabla ya gari kusafirishwa, chini ya kiwango KS 1515:2000, huangalia umri wa gari usizidi miaka 8, usukani uwe upande wa kulia, na gari liwe salama kuendeshwa barabarani. Hakuna mkaguzi anayefungua injini kutazama beringi. Cheti hicho hakijawahi kuwa dhamana ya injini, na tumelieleza hili mara nyingi.

Anayewajibika kwanza ni aliyekuuzia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora unaofaa kwa bidhaa, na inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo. Yale maneno yanayopigwa muhuri kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayakunyang’anyi haki hiyo. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina mipaka yake. Sharti la ubora linamhusu anayefanya biashara ya bidhaa hizo, hivyo gari ulilouziwa na jirani ni jambo jingine. Na ukiwa ulilikagua gari, huwezi kudai kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua.

Kipuri bandia hushughulikiwa kwa njia nyingine. Chujio la oili la kughushi, ambalo karatasi yake huporomoka ndani, linaweza kuharibu injini nzima. Peleka kipuri, pakiti yake na risiti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Mfanyabiashara anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini kwa kila kipande isiyopungua mara tatu ya bei yake ya rejareja, au vyote viwili. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini haipungui mara tano. Kwa upande wa Sheria ya Ushindani ya 2010, kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora au historia ya bidhaa kunaweza kumletea muuzaji kifungo cha hadi miaka 5, faini ya hadi shilingi milioni 10, au vyote.

Faini hizo huenda serikalini. Mlalamishi anayetaka pesa za injini yake lazima adai fidia mwenyewe. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujiwakilisha bila wakili na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Yanayozidi hapo huenda mahakama ya hakimu. Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, ila kila mwezi unaopita humpa muuzaji nafasi ya kusema kwamba injini iliharibikia mikononi mwako. Utakapokuja kwetu au mahakamani, uje na risiti ya ununuzi, nakala ya kitabu cha umiliki, rekodi za sevisi, ujumbe uliomwarifu muuzaji, ripoti ya mkaguzi yenye sahihi, na kipuri kikiwa ndani ya mfuko wake ambao haujafunguliwa.