Kulala nangani Msasani: hesabu ya mnyororo kwanza

Wanaotaka kuhamia kwenye mashua ya matanga huniuliza habari za friji, choo na intaneti. Kazi yangu ni kuandaa mashua za watu watakaoishi majini, nami pia naishi kwenye yangu, na jibu langu huanzia kwenye nanga. Bila nanga kushika, hakuna usingizi.

Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka kidogo mno, kwa hiyo mabaharia wengi wa huko hawasumbuliwi na jambo hili. Hapa Dar es Salaam, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Tuseme umetia nanga maji yamekupwa, kina ni mita 4. Yakijaa bamvua kubwa kinaweza kufika mita 7.5. Ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo, yaani mbele ya mashua, mnyororo unakotokea: 8.5. Zidisha mara 5, upate mita 42.5 za mnyororo. Aliyepiga hesabu kwa kina cha kupwa atafungua mita 25 tu. Usiku maji yakijaa na upepo ukikaza, mnyororo utaivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza mchangani, nayo itang'oka.

Kuna upande wa pili. Mnyororo mrefu, maji yakipwa, hukupa mzunguko mpana, na mkondo ukigeuka tezi yako, yaani nyuma ya mashua, inaweza kufika kwenye mwamba au kwa jirani. Kabla ya kutulia mimi huutazama mzunguko wote, si pale nilipo tu.

Kusi likivuma, rasi ya Msasani hutukinga vizuri. Kaskazi ni habari nyingine: ghuba iko wazi upande huo, mawimbi huingia na chombo huruka omo juu na chini. Hapo funga kamba nene ya nailoni kwenye mnyororo ili ipokee mshtuko. Naisisitiza sana kamba hii, maana bila yake mnyororo huvunja vifungo vya sitaha.

Umeme ni rahisi kuukadiria. Sola ya wati 100, siku ya jua zuri, hutoa kama wati-saa 400 (wati mara saa) ukijumlisha siku nzima. Friji ndogo kwenye joto letu yaweza kula zaidi ya hapo. Weka sola tatu, na masika ujiandae kwa mawingu. Mvua hiyohiyo ikingwe kwa turubai ijaze tangi. Lita 10 kwa mtu kwa siku hutosha ukiosha vyombo kwa maji ya chumvi, lakini si maji ya Msasani, karibu na mifereji ya jiji. Ngoja ufike kisiwa cha Mbudya.

Maji yetu ya vuguvugu huotesha uchafu chini ya chombo upesi. Wenye majahazi hukipweleza chombo mchangani na kukishikiza kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, na mashua yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu hufanyiwa vivyo hivyo. Kupwa kwa bamvua huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mchana kweupe. Kwangua kuanzia juu maji yanaposhuka, umalizie na mkuku, kisha rangi ianzie chini, kwani huko ndiko maji yatakakorudi kwanza.