Acheni Kupuliza Kanda za Gemu

Jumamosi iliyopita aliingia baba mmoja hapa karakana, Ngamiani, Tanga, ameongozana na mwanawe wa miaka kama minane. Ndani ya mfuko wa rambo kulikuwa na gemu la kanda, lile la kuchomeka kwenye TV, pedi zake mbili zimeviringishwa kwa nyaya zake zenyewe. Alilikuta kwa mama yake, juu ya kabati, akataka mtoto aone alichokuwa akicheza yeye. Kabla sijashika hata bisibisi, mtoto akachukua kanda, akaipeleka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mtoto huyu hajawahi kumiliki kanda. Alikuwa amefundishwa na baba yake asubuhi hiyohiyo.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Kila anayeniletea gemu la utotoni analeta na maelezo yaleyale: "Fundi, hili likigoma huwa tunapuliza tu." Sasa tunawarithisha na watoto.

Fungua kanda utaona bodi ndogo yenye pini 60 ukingoni, 30 kila upande. Mpangilio huo ni wa Famicom, gemu la kampuni ya Nintendo lililotoka Japani mwaka 1983, na magemu ya kuiga kutoka China yaliyotukuta huku yaliufuata vilevile. Pini moja inabeba umeme, nyingine anwani, nyingine data. Moja tu isipogusa sawasawa, prosesa inasoma amri ambayo haikuandikwa popote, nawe unapata skrini ya kijivu au herufi zilizovurugika.

Mtu anachomoa kanda, anapuliza, anachomeka tena, gemu linawaka. Anaishukuru pumzi. Jamani, mbona hamkumbuki kwamba mlichomoa na kuchomeka? Kule kuchomoa na kuchomeka ndiko kunakokwangua utando juu ya pini na kuikalisha kanda upya. Nafanya hivyo hapa mezani mara mbili tatu, mdomo nimeufunga, na magemu yanawaka. Pumzi kazi yake ni kuleta unyevu, na mate yana chumvi. Shaba ikiloweshwa namna hiyo kila siku kwa miaka, inaota kutu ya kijani. Nintendo wenyewe waliwakataza wateja wao kupuliza kwa sababu hiyohiyo. Na sisi wa Tanga tuna upepo wa bahari, unaokula shaba bila kusaidiwa na mtu.

Kanda ya yule baba niliifungulia mbele yake. Pini za pembeni zilikuwa bado zinang'aa. Za katikati, pale midomo inapokaa, zilikuwa na madoa ya kijani, na moja imelika hadi imekatika. Nikamwinulia bodi kwenye taa aone mwenyewe. Akaitazama kimya muda mrefu. Nikasugua kwa raba nyeupe ya shule, taratibu, kwa kufuata urefu wa pini, kisha nikapitisha kijiti cha pamba chenye spiriti. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili ya kijivu, ya tatu nyeupe. Ile pini iliyokatika nikaiunga kwa uzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele, na tone la risasi ya kulehemu kila upande. Gemu likawaka mara ya kwanza.

Lipo jambo moja nalikubali, ingawa mafundi wengi hatupendi kulisema. Unyevu kidogo unaweza kweli kupitisha umeme kwa dakika chache pale pini zilipoachana kidogo mno. Hapa mezani sijawahi kufanikiwa kutenganisha kazi ya unyevu na kazi ya kuchomeka upya. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba pumzi haijawahi kumsaidia mtu hata siku moja. Naweza kuapa kuhusu ile kutu, maana naisafisha kila wiki. Kama ni vumbi au mguu wa mende, tumia brashi kavu.

Halafu kuna zile video za Wamarekani za kufufua magemu ya zamani. Gemu lao, NES, nalo la Nintendo, si hili letu. Kanda yake ina pini 72, inaingia kwa mbele kisha inashushwa chini, na kile kiungo cha ndani kinachoshika pini kilikuwa kikilegea. Ndani kuna chipu ya kukagua kanda. Isiporidhika inaizima na kuiwasha mashine, ndiyo maana taa yao inapepesa. Famicom haina chipu hiyo, na kanda inaingia kwa juu. Tafadhali usiangalie video hizo ukaenda kuchemsha viungo vya gemu lako la Kichina kwenye sufuria! Nimeletewa moja lililochemshwa. Sikuweza kuliokoa.

Wanaosema vya zamani vilikuwa imara, mnakumbuka vile vilivyobaki tu. Kanda nyingi za bei rahisi zina tone jeusi la gundi ngumu, na chipu iko chini yake. Ikifa, imekufa.

Kilichobaki ni ile bunduki ya gemu, ya kulengea skrini. Baba alitaka mwanawe apige bata, na nyumbani ana TV bapa. Hilo halitawezekana, na si kosa la bunduki. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kitambo kidogo sana, kisha bata anageuka kuwa mraba mweupe. Ndani ya mtutu kuna jicho linalongoja weupe huo. TV ya chogo inachora picha papo hapo, mara 50 kwa sekunde. TV bapa inaipokea, inaichakata, inaikuza, ndipo inaonyesha. Weupe unafika gemu limeshahesabu kwamba umekosa. Mtoto atalenga vizuri kabisa na atakosa kila mara, kisha ataambiwa hajui kucheza. Hilo linaniuma kuliko kutu.

Hapa karakana nina chogo ya inchi 14 ya kupimia kazi. Nikaichomekea gemu, yule baba akapiga magoti nyuma ya mwanawe, akamshika viwiko na kumwonyesha jinsi ya kubana bunduki begani. Bata wa tano ndiye aliyeanguka. Walikaa hadi adhana ya alasiri, na wakati wa kuondoka mtoto akachomoa kanda na kuirudisha kwenye boksi bila kuisogeza mdomoni.

Wameniomba niwatafutie chogo. Mwenye nayo hapa Tanga, inayowaka na picha haijafifia, anitumie ujumbe.